Tulifika Ataka bila kibali

Ataka ni kitongoji cha pwani katika mji wa Komatsu, mkoa wa Ishikawa, upande ule wa Japani unaotazama Bahari ya Japani. Kuna msitu wa misonobari, kuna mchanga, mto Kakehashi unaingia baharini hapo, na ndani ya ile misonobari kuna jiwe linalosema kwamba hapa ndipo palipokuwa na geti. Geti lenyewe halipo tena. Kilichopo ni sanamu za wanaume watatu: Benkei, mtawa mpiganaji, Togashi, mkuu wa geti, na Yoshitsune, bwana aliyekuwa akikimbia. Karibu yake kuna hekalu la Sumiyoshi, ambako watu wanakwenda kuomba wavushwe mambo magumu: mtihani wa kuingia shule, usaili wa kazi, ugonjwa. Tangu Machi 2024 treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo inasimama Komatsu, kwa hiyo mtu akitaka kuona geti mashuhuri kuliko yote Japani, anafika pale bila kusimamishwa na askari hata mmoja.

Mimi sijafika. Hapa kwetu Kigoma kuvuka geti la kambi tu kwenda sokoni kunataka kibali, sembuse Ataka. Nimefika kwa njia mbili: kwa picha alizotuachia dada mmoja wa Kijapani aliyekuwa akifanya kazi ya maji hapa, ambaye kwao ni mkoa huohuo, na kwa filamu aliyoiacha kwenye flashi. Filamu hiyo ni ya Akira Kurosawa, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa *Wanaume Waliokanyaga Mkia wa Simbamarara*. Tuliionesha ukumbini kwa usiku wa watu wazima, nami nikapewa kipaza sauti nitafsiri maandishi ya chini, kama wanavyofanya wale wa vibanda vya video. Ni saa moja tu, fupi kuliko mkutano wa viongozi wa mitaa. Ila mabishano yaliyofuata yalichukua siku nne, ndiyo maana mhariri wa jarida hili akaniambia niyaandike.

Kwanza nieleze kisa, kwa wale ambao hawakuwepo.

Kati ya mwaka 1180 na 1185 koo mbili kubwa za Japani, Taira na Minamoto, zilipigana vita. Minamoto walishinda, na aliyewashindia mapambano makubwa ni kijana Yoshitsune, mdogo wake Yoritomo, mkuu wa ukoo. Vita vilipokwisha, kaka akamwogopa mdogo wake. Wengi wetu hapa hatuhitaji kuelezwa jinsi jambo hilo linavyokwenda: aliyekuwa shujaa wa redio mwezi uliopita, mwezi huu anatafutwa. Yoshitsune akakimbilia kaskazini, kwa bwana mmoja aliyeitwa Fujiwara no Hidehira ambaye alikuwa amemlea ujanani. Kaka yake akaamuru mageti yafungwe barabarani. Habari ikaenea kwamba Yoshitsune na watu wake wamejivika mavazi ya watawa wa milimani, wale ambao Wajapani wanawaita yamabushi.

Katika watu wake yumo Benkei. Huyu ni jitu la hadithi. Mji wa Tanabe, nao wa pwani lakini kusini zaidi, mkoa wa Wakayama, unasema alizaliwa kwao na umemsimamishia sanamu mbele ya stesheni. Wanasema alikuwa akiwanyang'anya watu mapanga Kyoto, ameshafikisha 999, la elfu akataka kulichukua kwa kijana mmoja mwembamba mwenye filimbi, na kijana huyo akamshinda. Kijana ndiye Yoshitsune. Toka siku hiyo Benkei akawa mtumishi wake mpaka kufa, na hata kufa alikufa amesimama, mishale imemjaa mwilini, adui wakiogopa kumsogelea.

Sasa wanafika Ataka. Ili Yoshitsune asitambulike wanamvika kofia pana na kumbebesha mzigo, awe mpagazi. Benkei anamwambia mkuu wa geti kuwa wao ni watawa wanaokusanya michango ya kujenga upya hekalu la Todaiji la Nara, ambalo kweli lilichomwa vitani mwaka 1180. Togashi anasema: kama ni hivyo, mnayo hati ya michango, isome. Hati hawana. Benkei anatoa gombo tupu kwenye mizigo, analifungua kwa namna ambayo wengine hawaoni ndani, na anasoma kutoka kichwani, kwa lugha nzito ya dini, bila kukwama. Wanaruhusiwa. Mara mtu mmoja anasema: huyo mpagazi anafanana na Yoshitsune. Hapo Benkei anachukua fimbo na kumpiga bwana wake mbele ya wote, akimtukana kwamba uvivu wake unawaletea shida. Hakuna mtumishi wa Kijapani wa zama zile ambaye angethubutu kumpiga bwana wake, na kwa hiyo huyu hawezi kuwa bwana. Wanapita.

Kisa hiki kimechezwa jukwaani kwa karne nyingi. Kuna mchezo wa zamani wa Noh unaoitwa *Ataka*, na mwaka 1840 Ichikawa Danjuro wa saba aliufanya kuwa mchezo wa kabuki, *Kanjincho*, yaani hati ya michango. Ndio unaopendwa kuliko karibu yote. Hata watoto wa shule wa Komatsu wanaucheza.

Ukumbini kwetu watu walicheka sana mwanzoni, nitasema kwa nini. Kwenye kusoma gombo wakanyamaza. Kwenye fimbo, kuna mama alisema "Aa, jamani" kwa sauti, na hakuna aliyemcheka.

Nianze na lile gombo, kwa sababu ndilo wanaume walilolishangilia. Vijana walipiga makofi kama vile ni mpira. Mmoja akasema, "Huyo ndo anafaa kwenda kwenye mahojiano." Kwa wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa, sentensi hiyo haikuwa utani mtupu. Baada ya kusoma gombo, Togashi anamhoji Benkei. Kofia hii maana yake nini? Kwa nini mtawa anabeba upanga? Fimbo hii ni ya nini? Ni maswali ya kupima kama mtu ni yule anayesema kuwa ni yeye. Sisi tunayajua. Shule yako ya msingi ilikuwa na madarasa mangapi, kutoka kijiji chenu mpaka mtoni unatembea dakika ngapi, mkuu wa kijiji alivaa nini siku ya sherehe. Benkei anajibu kila swali pale pale. Anajibu kwa sababu ujanani alisomea utawa kwenye mlima Hiei, mahali penye elimu ya dini kuliko pote nchini. Yaani mwongo huyu ameshinda kwa elimu.

Mimi nimekuwa mkalimani wa kujitolea miaka sita, ofisi gani siitaji. Nimekaa katikati ya anayeuliza na anayejibu mara nyingi. Nimemwona mtu ambaye alikuwepo kweli, ambaye nyumba iliungua akiwa ndani ya uzio, anaulizwa ilikuwa mwezi gani na anashindwa, kwa kuwa hakuhesabu kwa miezi, alihesabu kwa mihogo. Na nimemwona mwingine, fundi wa maneno, ana tarehe zote mkononi kama kalenda ya ukutani. Sisemi wa pili ni mwongo. Nasema geti linapima ulimi, na kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kile kiti analijua hilo, hata yule anayeuliza.

Sasa, ndani ya mchezo wa Noh na ndani ya kabuki kuna jambo dogo linalotajwa mwanzoni kisha linapitwa. Kabla Benkei hajafika, Togashi na watu wake walikuwa wameshawakata vichwa watawa watatu. Watatu. Walikuja na mavazi yale yale, na amri ilisema watawa wa milimani wakamatwe. Mchezo hauna haja nao tena. Kazi yao ni kutuonesha kwamba geti hili si la mchezo, ili tumwogopee Benkei. Lakini mimi nilipoyasoma hayo katika maelezo aliyonitumia yule dada, sikuweza tena kumshangilia Benkei kwa ule moyo wa mwanzo. Kama wale watatu walikuwa watawa kweli, basi walisema kweli na wakafa, na aliyesema uongo kwa ufasaha akapita na kupewa pombe. Miaka yote hiyo ya waandishi, waimbaji na waigizaji, na hakuna aliyewapa hata jina. Nadhani hii ndiyo kasoro kubwa ya *Kanjincho*, na ni kasoro ambayo mtu aliyezoea kupita mageti bila shida hawezi kuiona upesi. Mchezo unatufundisha kupenda akili ya aliyepona.

Mabishano ya pili yalimhusu Togashi. Je, alijua? Vijana walisema alihongwa. Nikawaambia hakuna hela inayoonekana. Wakasema, "Kaka, hela haionekanagi." Mzee mmoja wa kutoka Fizi akasema hapana, alijua tangu mwanzo, tazama macho yake. Mimi niko upande wa mzee. Aliyemcheza Togashi katika filamu ni Susumu Fujita, na Kurosawa amempa uso wa kijana msikivu, karibu atabasamu, mtu anayefurahia kumsikiliza mwenzake akifanya kazi ngumu vizuri. Pembeni yake kuna mjumbe wa Kajiwara, mtu wa kaka mtu, ambaye ndiye mwenye jicho la chuki. Kwa hiyo Togashi hayuko peke yake pale getini. Anaangaliwa. Akiwaachia watu hawa, anaweka shingo yake mwenyewe. Kwenye kabuki, Togashi anapoondoka anainua uso juu, na watazamaji wanajua kuwa anazuia machozi.

Hapa niseme kitu kwa wasomaji wetu wenye vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Pale Ataka wanasimulia kwamba Benkei ndiye akili, Yoshitsune ndiye ujasiri, na Togashi ndiye huruma, na ndiyo maana sanamu ziko tatu. Ni mji gani mwingine umemwekea sanamu askari wa geti? Wamemheshimu kwa siku moja ambayo hakufanya kazi yake. Lakini mzee wa Fizi aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake ukumbini na sina hata leo: kama moyo wake ulikuwa wa huruma, mbona haukufanya kazi juzi yake, kwa wale watatu? Kilichomgusa ni kuona mtu mkubwa akimpiga mtu mkubwa zaidi. Huruma yake ilitaka ioneshwe kitu cha ajabu kwanza. Mtawa wa kawaida, mwenye miguu ya vumbi na majibu ya kawaida, hakuwa na cha kumwonesha.

Swali gumu kuliko yote aliliuliza yule mama aliyesema "Aa, jamani". Alisubiri wanaume wamalize, kisha akauliza, "Hawa watu wanakimbia, sawa. Wanawake wako wapi?"

Nikamwambia kwenye filamu hawamo. Kweli hawamo, hata mmoja. Ni wanaume msituni, wanaume getini, wanaume wakinywa. Akasema, "Basi huyo aliyetunga hajawahi kukimbia." Watu wakacheka, mkutano ukaisha.

Mimi sikulala vizuri. Nikamwandikia yule dada wa Kijapani kumuuliza, nikidhani atanijibu kuwa ilikuwa desturi ya jukwaa lao. Alinijibu baada ya wiki mbili. Kumbe kuna kitabu cha kumbukumbu cha utawala wa Kamakura, utawala wa yule yule kaka, kinaitwa *Azuma Kagami*. Hicho kinasema mwaka 1187 Yoshitsune alikwenda kaskazini akiwa na mke na watoto, wote wamejigeuza kuwa watawa wa milimani na watoto wa kuwahudumia. Geti la Ataka halitajwi humo, na wanahistoria wengi wanatilia shaka kama lilikuwepo. Benkei anatajwa kwa kupita tu. Kitabu kingine cha baadaye, *Gikeiki*, kinaiweka ile fimbo mahali pengine kabisa, kwenye kivuko cha Nyoi, mbele zaidi kwenye pwani hiyo hiyo, tena huko Benkei anapiga kwa kipepeo cha mkononi. Kwa hiyo jitu, gombo na geti ni mambo ambayo hadithi iliyaongeza. Mke na watoto ni mambo ambayo hadithi iliyapunguza.

Yanayofuata ni machache na ni mabaya. Mwaka 1189, Hidehira ameshakufa, mwanawe akaogopa vitisho kutoka Kamakura na akamshambulia mgeni wa baba yake. Kumbukumbu hiyo hiyo inasema Yoshitsune alimuua kwanza mke wake, mwenye miaka 22, na binti yake, mwenye miaka 4, kisha akajiua. Hesabu mwenyewe. Mtoto wa miaka 4 mwaka 1189 alikuwa na umri gani walipokuwa njiani mwaka 1187? Wa kubebwa mgongoni. Wa kulia usiku. Yeyote aliyepita msituni na mtoto wa umri huo, askari wakiwa karibu, anajua kwamba tatizo halikuwa gombo. Tatizo lilikuwa kumnyamazisha yule mtoto.

Nikampelekea mama majibu hayo nyumbani kwake, alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nilikuambia. Aliuliza jina la mtoto, nikamwambia kitabu hakikuliandika. Akasema, "Na la mama je?" Nikamwambia kwenye ile habari ya kifo hawakuliandika. Akaendelea na maharage.

Tangu siku hiyo nikitazama picha ya zile sanamu tatu naona nafasi iliyo wazi. Simlaumu mchongaji, yeye kachonga mchezo wa kabuki kama unavyojulikana. Nalaumu ladha, ile ladha ya kupenda hadithi ya kukimbia iwe ya wanaume hodari wanaobishana kwa hoja mbele ya geti. Hata sisi tunayo. Sikiliza wanaume wetu jioni wakisimulia walivyovuka ziwa: kuna mitumbwi, kuna askari, kuna ujanja, kuna hela zilizofichwa kwenye soli ya kiatu. Mtoto hayumo mpaka umuulize msimuliaji, "Na mtoto ulikuwa naye?" Ndipo anasema, "Ee, alikuwa kwa mama yake."

Baada ya kusema yote hayo, natetea filamu ya Kurosawa. Haikuwaweka wanawake, lakini ilifanya jambo ambalo kabuki haikufanya: ilimtia ndani mpagazi wa kweli.

Huyo ndiye aliyewachekesha watu wetu. Ameigizwa na mchekeshaji aliyekuwa maarufu sana kwao, Enomoto Kenichi, ambaye watu walimwita Enoken. Ni mtu mfupi, uso wake hautulii, mdomo hautulii. Amekodiwa awabebee mizigo watawa hawa msituni, na anaropoka njia nzima. Ni yeye anayewapa habari kwamba geti la mbele linawasubiri watawa saba wa uongo. Anapiga soga, anahesabu, halafu taratibu anagundua amesimama katikati ya hao saba. Ukumbi ulivunjika mbavu. Kila mtu hapa ana ndugu kama huyo.

Neno *mpagazi* lenyewe, wazee wa Kigoma watawaambieni, ni la njia hii hii ya Ujiji, la misafara iliyokwenda pwani na mizigo kichwani. Nililitumia bila kufikiri, na niliona wenyeji waliokuja kutazama wakitikisa kichwa kwamba ndiyo, neno ni hilo.

Huyu mpagazi hatafutwi na mtu. Angeweza kuweka mzigo chini na kurudi nyumbani. Anaogopa, tunamwona anaogopa, lakini anafuata. Kazi yake anachukua Yoshitsune, yaani mtu mkubwa anajificha ndani ya maisha ya mtu mdogo, na mtu mdogo anabaki hana kazi. Fimbo inapoanza kushuka, wale mashujaa wote wamesimama kama miti kwa sababu wanajua ni mchezo wa kuokoa maisha. Anayeruka kumzuia Benkei ni mpagazi. Yeye anaona mtu anapigwa, basi.

Kuna wakosoaji wanaoona kwamba Enoken anaharibu heshima ya kisa, na wakaguzi wa filamu wa Kijapani wa wakati ule waliona hivyo hivyo, kwamba Kurosawa ameidhihaki kabuki. Filamu ilitengenezwa mwaka 1945, mwezi wa kushindwa Japani vitani ukiwa katikati ya kazi. Ilitengenezwa kwa vitu vichache, baada ya filamu nyingine kubwa kushindikana kwa kukosa farasi. Wakaguzi wa nyumbani waliichukia kwa dhihaka, watawala wa Kimarekani nao waliokuja baada yao wakaizuia wakiona inasifu utii wa kikabaila. Haikuoneshwa mpaka 1952. Filamu inayohusu kuvuka geti nayo ikakaa getini miaka saba, haina karatasi zinazotakiwa.

Mimi nasema bila Enoken ingekuwa kabuki iliyopigwa picha. Denjiro Okochi, aliyemcheza Benkei, ana uso mzito na sauti ya kishujaa, lakini tumeshazoea uso huo, uko kwenye kila hadithi ya vita ya kila taifa. Kinachotufanya tuone uzito wa kile kinachotendeka ni kutazama uso wa yule mtu mdogo akikitazama. Kurosawa hakuwa na hela ya farasi, akatumia uso wa mchekeshaji, na ukatosha.

Tuje mwishoni. Wamepita. Benkei anamwinamia bwana wake na kulia, bwana anamshika na kumsamehe, na mpagazi analia kuliko wote. Watu wa Togashi wanawafuata na pombe ya mchele, kwa kuomba radhi. Benkei anakunywa kama shimo. Mpagazi naye analewa, anacheza, analala. Anapoamka, hakuna mtu. Wameondoka wakati amelala, wamemfunika vazi zuri la heshima. Anatazama huku na huku. Mbingu ni kubwa. Kisha anaondoka akirukaruka kwa mguu mmoja mmoja, anaigiza ile hatua ya kishujaa ambayo Benkei wa kabuki hutokea nayo jukwaani, na filamu imekwisha.

Hapo ukumbini palikuwa kimya tofauti na kile cha fimbo. Sikuhitaji kutafsiri, maana hapakuwa na maneno. Kila baada ya muda tunaamka hapa na kuta za jirani ni tupu. Usiku walikuwepo, tulikula pamoja, asubuhi basi limewachukua, nchi ya tatu imewaita. Wametuachia sufuria, godoro, wakati mwingine simu. Hawakutudharau, hata kidogo. Wametufunika vizuri kabla ya kwenda. Filamu nyingi zinazohusu watu kama sisi zinapanda basi pamoja na wanaokwenda na kutuonesha uwanja wa ndege. Hii, iliyotengenezwa na watu ambao hawakuwa na habari na sisi, kamera yake inabaki na aliyebaki.

Wengine ukumbini hawakukubaliana nami. Walisema ni dharau kumwacha mtu usingizini, wangemwamsha angalau wamuage. Bwana mmoja fundi baiskeli alisema wangemwamsha angetaka kuwafuata, na huko walikokwenda tunajua kilichowapata, kwa hiyo walimwokoa. Huyo alikuwa hajasikia bado habari ya mwaka 1189. Alisema tu anavyojua yeye mambo ya wakubwa yanavyoishia. Mama wa maharage yeye aliuliza lile vazi lingeuzwa shilingi ngapi. Watu walidhani anatania. Akaeleza: mtu maskini akionekana barabarani na vazi la bwana, geti linalofuata wataanza kumhoji yeye.